Maziwa lala na utando mweupe mdomoni

SWALI: Mama yangu ni mzee, huvaa meno bandia na hutumia inhela ya pumu. Kila anapomaliza nistatini, dawa ya kuua fangasi, utando mweupe ulimini hupona, kisha hurudi. Jirani ananihimiza nimpe mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa kibuyuni, kila siku, akisema bakteria wake hufukuza fangasi. Je, ni kweli?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ushauri wa jirani yako una msingi, ingawa peke yake hautoshi. Fangasi aitwaye Candida albicans huishi katika vinywa vya watu wengi wenye afya bila kuwadhuru, kwa kuwa bakteria wa humo humnyima nafasi ya kujishikiza na kuzaana. Mama yako amempa mianya miwili: meno bandia, ambayo chini yake fangasi hujibanza, na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe iliyomo katika inhela nyingi za pumu, ambayo hupunguza kinga ya kinywa.

Bakteria wa maziwa yaliyochachuka hutoa asidi ya laktiki na hushindana na fangasi huyo. Mwaka 2007 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wazee 276 waliokula jibini kwa wiki 16. Miongoni mwa waliopewa jibini yenye bakteria teule, wenye fangasi wengi mateni walipungua kutoka asilimia 30 hadi 21, ilhali kwa waliokula jibini ya kawaida waliongezeka kutoka 28 hadi 34. Matokeo hayo yanatia moyo sana. Lakini bakteria hao, akiwemo Lactobacillus rhamnosus GG, walichaguliwa maabara, na mursik ya kibuyu hubeba mchanganyiko unaotofautiana nyumba hadi nyumba.

Mpe, basi, maziwa lala au mursik isiyo na sukari, iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza. Ukiyachemsha baada ya kuganda, bakteria hufa. Muhimu zaidi, asukutue kwa maji na kutema kila baada ya kuvuta inhela, na avue meno bandia kila usiku, ayasugue na kuyaloweka, maana fangasi anayesalia juu yake humwambukiza upya hata baada ya dawa.

Utando ukiwepo, nistatini itumike hadi siku ya mwisho aliyoelekezwa. Kwa kuwa unarudi rudi, mpeleke akapimwe kisukari na virusi vya UKIMWI, na iwapo anapata matibabu ya saratani, daktari aulizwe kabla ya kumpa bakteria hai wa aina yoyote.