Nimepunguzwa kazi na mke wangu hajui: je, riziki yangu imefungwa?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Nilikuwa mtunza stoo katika kampuni moja hapa Dar es Salaam kwa miaka sita. Wiki tatu zilizopita tuliitwa ofisini watu kadhaa, tukapewa barua za kupunguzwa kazi siku hiyohiyo. Malipo tukaambiwa tutaitwa. Mpaka leo kimya, nami nimewaachia Mungu. Mke wangu sijamwambia. Kila asubuhi napiga pasi shati, natoka, nakwenda kukaa msikitini mpaka Alasiri ndipo narudi nyumbani. Kodi inakwisha mwezi ujao. Jirani ananiambia riziki yangu imefungwa, niende kwa mtaalamu. Rafiki yangu naye amesikia nafasi mahali, ila anayeajiri anataka laki tano kwanza. Je, Mwenyezi Mungu amenikasirikia? Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, swali lako nimelitanguliza kwa sababu lina jambo lenye muda wake. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi anatakiwa awape taarifa mapema na ashauriane nao kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku 28 au malipo yake, na ana kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, kisichozidi miaka kumi. Kwa miaka yako sita ni siku 42, mbali na mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo uliyokuwa hujachukua. Anayelalamikia kuachishwa isivyo haki hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Wewe umeshakula wiki tatu. Kesho asubuhi chukua barua yako uende. Na kama ulikuwa unachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ulizia fao la upotevu wa ajira.

Umesema umewaachia Mungu. Sikiliza alivyosema Mungu mwenyewe katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari: watu watatu Yeye atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akamaliza kazi yake, asimpe ujira wake. Haki ambayo Mwenyezi Mungu ameisimamia kiasi hicho, kuidai kwa adabu na kwa njia ya sheria hakupunguzi tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, hata chembe.

Kuhusu kukasirikiwa, fungua Suratul Fajr, aya ya 15 mpaka ya 17. Mwanadamu akineemeshwa husema Mola wangu amenikirimu, na akipunguziwa riziki husema Mola wangu amenidhalilisha. Jibu la Mwenyezi Mungu ni neno moja kali: Kallaa! Sivyo hivyo! Wingi wa mshahara haukuwa cheti cha kupendwa, na barua ile si hukumu ya kuchukiwa.

Sasa mtazame Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Ametoka Misri mbio, hana nyumba, hana kazi, hana anayemjua. Anafika kwenye kisima cha Madyan, anawakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao wakingoja wachungaji wamalize. Anawanyweshea. Hadai malipo. Kisha anajitenga kivulini na kuomba: Rabbi innii limaa anzalta ilayya min khayrin faqiir, Mola wangu, hakika mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia. Hakujifanya ana kitu mbele ya Mola wake. Aya inayofuata, mmoja wa wale wanawake anamjia, anatembea kwa haya, kumwita kwa baba yake. Na mmoja wa mabinti hao ndiye aliyesema: Ewe baba, muajiri, kwani mbora wa kumwajiri ni mwenye nguvu, mwaminifu. Akapata kazi ya miaka minane, na kama angependa kumi, na mke juu yake.

Mimi aya hizi zinanigusa sana kwa jambo moja: Musa alijulikana kwa kazi aliyoifanya mbele za watu. Wewe umejificha msikitini na hakuna anayejua kuwa unatafuta. Swali Adhuhuri, halafu fuata amri ya Suratul Jumua ya kutawanyika katika ardhi. Stoo zipo Kariakoo, zipo barabara ya Nyerere, zipo bandarini. Wapigie simu madereva na mawakala uliokuwa ukiwatolea mzigo kwa miaka sita, waambie wazi umeachishwa na unatafuta. Nabii Yusuf (a.s.) alimwambia mfalme, niweke juu ya hazina za nchi, hakika mimi ni mlinzi mjuzi. Kueleza unachokiweza pasipo kusema uongo si kujisifu.

Na mke wako mwambie leo usiku. Mtume (s.a.w.) alipopata wahyi wa kwanza alirudi nyumbani anatetemeka, akamwambia bibi Khadija kuwa ameihofia nafsi yake. Hakumficha. Naye akamjibu kuwa Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha kamwe, akamhesabia wema wake mmoja baada ya mwingine. Unamnyima mkeo nafasi ya kukupa maneno kama hayo, na kila jioni unalazimika kumdanganya juu ya kazi isiyokuwepo.

Kwa mtaalamu usikanyage. Katika mkusanyo wa Hadithi wa Imamu Muslim imekuja kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini.

Laki tano usitoe. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Najua wapo wanazuoni walioruhusu kutoa mali kwa aliyezuiliwa haki yake asiipate kwa njia nyingine, dhambi ikawa ya mpokeaji. Lakini nafasi hiyo bado si haki yako. Kuna wenzako walioiomba, na pesa yako itamtoa aliyestahili.

Ya kodi, mwendee mwenye nyumba kabla mwezi haujakwisha, umuombe muda. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 280, mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate. Ukikwama kabisa, mueleze imamu wa msikiti huo unaokaa kutwa. Fakiri na mwenye deni ni miongoni mwa wanane waliotajwa kupewa zaka katika Suratut Tawba, na kwa dhiki hiyo kuipokea si aibu kwako.

Wallahu a'lam.