Uraia wa Marekani: Kiingereza kinapimwaje?

Mmeuliza mawili kuhusu uraia huu: je, kijana aliyeko Nairobi aanze kulipia IELTS (mtihani wa Kiingereza wa kupata cheti), na mama wa miaka 58 asiyejua Kiingereza atafanyaje. IELTS acheni. Uraia hauombwi kwa cheti. Anayekupima ni afisa wa USCIS (idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani) mwenyewe, siku ya usaili wa N-400, fomu ya kuombea uraia.

Kusoma ni kazi ndogo. Unapewa hadi sentensi tatu; ukisoma moja sawasawa, umepita. Kuandika vilevile, kwa imla. Maneno yake yametangazwa bure: Washington, bendera, Novemba. Tahajia ikikosewa maana ikabaki, haikuangushi, wala lafudhi. Kufupisha neno ndiko hakukubaliwi.

Panapoangusha watu ni kuongea, maana hakuna karatasi yake: afisa anasikiliza unavyojibu maswali ya fomu yako. Wengi wamejaziwa na jamaa, hawajui kilichoandikwa humo. Yale ya "Have you ever" ("umewahi") wanayajibu "No, No" mfululizo, na likifika la kama uko tayari kula kiapo wanasema "No" hilohilo! Afisa hapo huuliza neno lina maana gani, na aliyekariri anakwama. Kumwomba arudie si kosa. Anatakiwa kurudia au kuuliza kwa maneno mepesi.

Sasa mama. Kiingereza husamehewa mwenye miaka 55 aliyekaa miaka 15 kwa green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), au mwenye 50 aliyekaa 20, ikihesabiwa siku ya kuwasilisha fomu. Mkimbizi huhesabiwa tangu alipoingia nchini. Kwa hiyo aliyeingia 2018 msamaha huo utamfikia 2033. Mimi ningempeleka darasani sasa. Hata akisamehewa, maswali ya historia na serikali yako palepale, ila kwa Kiswahili na mkalimani. Waliowasilisha kuanzia 20 Oktoba 2025 huulizwa hadi maswali 20, wapate 12. Mwenye 65 aliyekaa 20 ana orodha fupi ya maswali.

Mgonjwa ana fomu N-648, ya kuomba msamaha kwa ugonjwa, ijazwe na daktari. Uzee na kutosoma si ugonjwa, na nyingi hurudishwa kwa sababu daktari ametaja maradhi bila kueleza yanavyomzuia kujifunza.

Ukifeli, unaitwa tena kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu uliyofeli tu. Ukifeli mara ya pili ombi linakataliwa: green card inabaki, ada hairudi, na ukiomba upya unalipa tena.