Mutect2 imekubali, lakini mabadiliko ni maelfu

SWALI: Shikamoo daktari. Niko maabara hapa Mwanza, nachambua sampuli za uvimbe bila damu ya mgonjwa. Nimezipanga kwa GRCh38, toleo la jenomu rejea ya binadamu. Mutect2, programu ya kutafuta mabadiliko ya DNA ya saratani, iligoma kusoma faili la gnomAD (hazina ya tofauti za DNA za watu wengi) kwa sababu ya majina ya kromosomu. Fundi akanipa amri ya sed (ya kubadili maandishi ndani ya faili) ya kuongeza "chr" mbele ya namba za kromosomu, na akaniambia nizime ukaguzi. Sasa inafanya kazi, ila inatoa mabadiliko maelfu. Nisakinishe upya? – Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba. Usisakinishe chochote, programu yako ni nzima. Faili ulilochezea ni la hg19, toleo la zamani la jenomu rejea, na kubandika "chr" hakuhamishi namba hata moja. Kwa mfano, badiliko la saratani liitwalo BRAF V600E kwenye hg19 liko nafasi ya 140453136 ya kromosomu ya 7; kwenye GRCh38 liko 140753336. Mutect2 inauliza gnomAD nafasi isiyo yake, haipati kitu, basi tofauti ya kurithi waliyo nayo watu chungu nzima inahesabiwa kuwa ya saratani.

Hakikisha mwenyewe kwa bcftools, programu ya kusoma faili za aina hii:

bcftools view -H -r chr17:7676154 faili.vcf.gz

Hapo pana tofauti ya kurithi ya jeni TP53 iliyoenea sana duniani. Isipotokea, jaribu 7579472. Ikitokea huko, hilo ni hg19. Litupe. Pakua af-only-gnomad.hg38.vcf.gz pamoja na faharasa yake ya .tbi, ondoa --disable-sequence-dictionary-validation (ndiyo iliyozima ukaguzi), rudia Mutect2, kisha chujio lake FilterMutectCalls, na uhesabu mistari ya PASS (iliyopita chujio) tu. Hata hivyo zitabaki za kurithi, maana Waafrika ni wachache ndani ya gnomAD. Pigania kupata damu ya mgonjwa ili uzitenganishe.

Kinachoniudhi ni hawa mafundi wa kuzima onyo. Onyo lile lilikuwa linamlinda mgonjwa! Kila wiki naona amri za namna hii zikizunguka WhatsApp, na jenomu rejea zikipokezanwa kwa flashi bila mtu kujua ni toleo gani. Faili lisilo na md5 (alama ya kuthibitisha kuwa faili ni lile lile) ya kulinganisha lisiingie kwenye mashine yenu. Andikeni toleo la GATK (kifurushi chenye Mutect2), la Java (kuanzia GATK 4.4 ni Java 17) na la jenomu kwenye kila ripoti. Umeme ukikatika katikati ya kazi, pitisha samtools quickcheck, inayokagua kama faili limekatika, kwenye kila BAM (faili la DNA iliyopangwa) kabla ya kuendelea.

Na majibu yote yaliyotoka tangu siku ya ile sed yarudiwe. Kama yapo yaliyokwisha kumfikia daktari wa mgonjwa, mpigie leo.