Hedi "huondolewa" au "hufunguliwa"?

SWALI: Naandika mwongozo mfupi kwa vijana wa bodaboda, wa kutoa hedi (kichwa cha silinda) injini ikiwa bado kwenye fremu. Niliandika: "Ondoa kichwa cha silinda, kisha kirejeshe." Fundi niliyemwonyesha akasema gereji hakuna anayesema hivyo, wao husema "fungua hedi" na "rudishia hedi", na kwamba hapo "injini haishushwi". Nifuate Kiswahili cha nani?

JIBU: Mfuate fundi. Si kwamba sentensi yako ina kosa la sarufi, ila "ondoa" inafunika kazi tatu ambazo fundi anazitenganisha kwa vitenzi vitatu.

Kwanza analegeza. Hedi ya aluminiamu hupinda ikiachiwa upande mmoja, kwa hiyo nati hulegezwa kimsalaba, kila moja kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa. Zote zikishalegea ndipo anazifungua, yaani anazitoa kabisa. Ukiandika "fungua nati" tangu mwanzo, msomaji atamaliza ya kwanza ndipo aende ya pili, na hapo hedi inaharibika kwa sababu ya kitenzi chako.

Cha tatu ni kuigandua, maana gasketi, ile bapa ya kuziba kati ya hedi na silinda, huwa imeigandisha. Tazama jozi hizi: ganda na gandua, bandika na bandua, funga na fungua, chomeka na chomoa. Kiambishi -u- (au -o- pale mzizi wenyewe una o) hutengua tendo la awali. Kwa hiyo anayesikia "gandua" anajua kuna kitu kimeshikana, na ataigonga taratibu kwa nyundo ya mpira. "Ng'oa" ni kitenzi cha jino na kisiki; kinaita nguvu. Anayeing'oa hedi huchomeka bisibisi katikati na kukwaruza uso unaokalia gasketi, na mgandamizo utavujia hapo hapo.

Kuhusu kurudishia, nakiri napenda sana neno hili. Nyumbani tunasema "rudishia mlango": hatuurudishi kwa seremala, tunaurudisha mahali pake. Ile -i- ya kutendea ndiyo inayobeba hapo mahali. "Rudisha hedi" inaweza kumpeleka kijana dukani ilikonunuliwa. "Rudishia hedi" inamwambia aikalishe ilipokuwa, juu ya gasketi mpya. Baada ya hapo nati hufungwa kwa vidole, kisha hukazwa kimsalaba hadi kipimo cha mtengenezaji. Kufunga na kukaza usivichanganye, kama ulivyotenganisha kulegeza na kufungua.

"Kushusha injini" ni kuitoa yote kwenye fremu, na mwongozo wako hauhusiki na kazi hiyo. Sema tu: "bila kushusha injini".

Ningeandika hivi: "Bila kushusha injini, legeza nati za hedi kimsalaba, kisha zifungue. Tundika cheni ya ndani (ile ya kuendesha vali) kwa waya isidumbukie. Gandua hedi, safisha uso wake, weka gasketi mpya, kisha irudishie."

Umeona "irudishie", si "kirudishie". "Kichwa" ni ngeli ya KI-VI, "hedi" ni I-ZI. Ukibadilisha neno moja, pitia mwongozo wote ubadilishe viambishi: "hedi imepinda", "hedi yake", "hedi hii".