Napiga mswaki, mbona asubuhi kinywa kinanuka?

SWALI: Napiga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa, lakini nikiamka kinywa kinanuka vibaya. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana. Huenda hukosei popote kwenye meno. Usingizini mate hupungua mno, na mate ndiyo huosha kinywa. Bakteria hupata nafasi ya kuvunjavunja mabaki ya protini na kutoa gesi zenye salfa. Maskani yao makuu ni ulimi, kule nyuma kabisa. Utazame kwenye kioo: ukiona utando mweupe au wa manjano, anzia hapo. Kabla ya kulala, weka kikwangulio cha ulimi nyuma uwezapo, kivute mbele taratibu, kisuuze, urudie mara 4 au 5. Ukihisi kichefuchefu, pumua kwa pua. Usikwangue hadi ulimi utoke damu.

Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya meno na uunuse. Ukinuka, basi hapo pia pana kazi. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi iache, huweza kukausha kinywa. Unalala mdomo wazi? Pua iliyoziba itibiwe kwanza.

Harufu ikidumu mchana kutwa, au fizi zikitoka damu, muone daktari wa meno.