RAM ni GB 8, mbona kompyuta inasema 5.91?

Swali: Shikamoo fundi. Nina stesheneri ndogo Malimbe, jirani na chuo, nachapa kazi za wanafunzi na kutoa picha za pasipoti. Juzi nimenunua kompyuta mpakato ya mtumba pale mjini, muuzaji akaniapia kwamba ina RAM ya GB 8. Nikifungua ukurasa wa taarifa za mashine naona GB 8.00 kweli, lakini mbele yake imeandikwa zinazotumika ni 5.91. Kompyuta yangu ya zamani ya mezani, yenye Windows 7, nayo ina GB 4 ila inasema 3.23. Mdogo wangu anasema RAM ni kama flashi, GB za dukani si GB za kompyuta. Jirani anasema nimeuziwa RAM feki, niirudishe. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mama. Usirudishe kitu bado.

Mdogo wako ana hoja, ila kaipeleka kwenye kifaa kisichohusika. Watengenezaji wa flashi na diski huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, wakati Windows inahesabu 1,073,741,824. Ndiyo maana diski ya GB 500 inasomeka kama 465 na hakuna aliyeiba. RAM haiuzwi kwa hesabu hiyo. RAM ya GB 8 ina baiti 8,589,934,592, na Windows inaihesabu vilevile, kwa hiyo namba yako ya kwanza imetoka 8.00 bila kupungua hata chembe. Na hata kama angekuwa sahihi, upungufu wa namna hiyo ungekufikisha 7.45, usingekushusha hadi 5.91.

Jirani naye kaharakisha. Zile namba mbili zinatoka sehemu tofauti. Ya kwanza ni RAM iliyofungwa: kila kipande cha RAM kina kichipu kidogo kinachojitambulisha ukubwa wake, na BIOS (programu ndogo ya kwenye ubao mama inayoamka kabla ya Windows) hukisoma mara tu unapowasha mashine. Ya pili ni ile ambayo Windows imekabidhiwa baada ya vifaa vingine kuchukua fungu lao. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani amechukua hizo GB 2.09. Mimi huwa naanza na ukubwa wa pengo lenyewe, kwa sababu mara nyingi pengo linamtaja aliyechukua hata kabla ya kugusa bisibisi.

Pengo la GB 2 kwenye mashine ya GB 8 karibu kila mara ni la grafiki. Hukunitajia prosesa, lakini nabashiri ni AMD yenye grafiki ndani yake. Mashine za aina hiyo hazina kadi ya grafiki yenye RAM yake, hivyo picha zote unazoziona kwenye kioo lazima zihifadhiwe ndani ya RAM ya kawaida. BIOS hukata kipande kabla Windows haijaamka na kukipa grafiki moja kwa moja. Watengenezaji wengine hukata MB 512, wengine GB 2 kamili. Windows inapoamka inakuta kipande hicho kimeshazungushiwa uzio, nayo inakuandikia kilichobaki.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa mtumba wanapokosea. Unakuta mashine mbili mezani kwa muuzaji, zote GB 8. Moja ni ya Intel na inasema zinazotumika ni 7.8 au 7.9, nyingine ni ya AMD na inasema 5.9, na mteja anaikimbia ya pili akidhani ina ubovu. Grafiki za ndani za Intel nazo zinakula RAM hiyohiyo. Tofauti ni kwamba zinatenga kidogo mwanzoni, halafu zinaazima kwa Windows kadiri kazi inavyodai. Ukifungua picha nyingi kubwa, ile 7.9 nayo inapungua kimyakimya, ila hakuna namba kwenye ule ukurasa itakayokuambia.

Kuhakikisha ni rahisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda sehemu ya utendaji (Performance), chagua kumbukumbu (Memory), kisha angalia chini kulia kwenye maandishi "Hardware reserved". Ukikuta GB 2.1 hivi, kesi imekwisha: RAM ipo yote, na sehemu yake inafanya kazi ya picha.

Je, unaweza kuirudisha? Ingia BIOS wakati mashine inawaka (kwa kawaida ni F2, F10 au Del, kutegemea kampuni) utafute kipengele chenye jina kama "UMA Frame Buffer Size". Ukikikuta, weka MB 512. Kwa kuandika ripoti za wanafunzi, kufungua kurasa za intaneti na kukata picha za pasipoti inatosha kabisa, na Windows itarudishiwa karibu GB 1.5. Grafiki ikihitaji zaidi itaazima. Ila kama una vijana wanaokuja kuhariri video za harusi au kucheza gemu hapo dukani, iache ilivyo.

Mashine nyingi za mpakato zimefichwa kipengele hicho. Kama yako ni mojawapo, ishi nayo. Kuna mafundi watakaokuambia wataingiza BIOS nyingine iliyofunguliwa. Kwa GB 1.5 sikushauri hata kidogo. Umeme ukikatika au betri ikizima katikati ya kuandika BIOS, unaweza kubaki na ubao mama usiowaka. Ukitaka nafasi, nunua kipande kingine cha RAM. Mashine ikiwa na tundu la pili lililo wazi, vipande viwili vinavyolingana husomwa kwa pamoja, na grafiki ya ndani hunufaika sana na kasi hiyo.

Sasa ile ya mezani. Hapo sababu ni nyingine kabisa, na hii ndiyo inayonifurahisha kuieleza. GB 4 na Windows 7 inayosema 3.23 maana yake umewekewa Windows ya biti 32. Kila baiti ya RAM lazima iwe na anwani ili prosesa iifikie, na kwa biti 32 anwani zote zilizopo ni 4,294,967,296, yaani GB 4 kamili. Utasema basi zinatosha. Hazitoshi, kwa sababu si RAM peke yake inayotumia anwani hizo. Kadi ya grafiki inaomba dirisha lake, mara nyingi MB 256. Kadi ya sauti, ya mtandao, vidhibiti vya USB na chipu ya BIOS nazo zinaomba.

Fikiria mtaa ambao mtendaji amepewa namba 100 tu za nyumba. Shule, zahanati na ofisi ya kata zimeshachukua 20. Nyumba za watu zikiwa 100, ishirini za mwisho zitabaki bila namba. Zipo, zimeezekwa na zina milango, lakini barua haziwafikii. MB zako karibu 790 ziko hivyo. Ndiyo maana mashine ya biti 32 yenye GB 2 haionyeshi upungufu huu: vifaa huchukua anwani za juu kabisa, na RAM ya GB 2 haifiki huko.

Mtu aliyesoma atakuuliza mbona Linux (mfumo mwingine unaotumika badala ya Windows) ya biti 32 inaweza kuona GB 8. Ni kweli inaweza. Prosesa za Intel tangu Pentium Pro ya mwaka 1995 zina mlango wa anwani za biti 36, unaofika hadi GB 64, na Windows za seva za biti 32 ziliutumia. Kwenye matoleo ya watu wa kawaida Microsoft iliweka mpaka wa GB 4, kwa sababu draiva nyingi (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa) zilivuruga mashine zilipokutana na anwani za juu ya hapo. Zipo programu za mitaani zinazodai kuvunja mpaka huo. Zinachezea kiini cha Windows, na mashine inayokuingizia kipato si ya kujaribia.

Dawa halisi ni Windows ya biti 64. Lakini kabla hujafungua pochi, zingatia mambo ambayo mafundi wengi hawayasemi. Hakuna kupanda kutoka 32 kwenda 64 juu kwa juu. Ni kufuta na kusimika upya, kwa hiyo nakili kwanza kazi za wateja. Kwa mwenye stesheneri, hatari kubwa zaidi ni printa: draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, na printa au skana ya zamani huenda haikutengenezewa nyingine. Tafuta draiva kwanza, ndipo ufute. Ubao mama nao unaweza kukugomea. Ule wenye chipseti (chipu kuu za ubao) ya Intel 945, kwa mfano, hauwezi kuhamishia RAM iliyozuiwa juu ya GB 4, hivyo hata ukiweka biti 64 utabaki palepale kwenye 3 na kitu. Kwenye bao mpya zaidi huwa kuna kipengele cha "Memory Remap" ndani ya BIOS, nacho kiwe kimewashwa.

Na nikuambie ukweli wangu: kwa GB 4 tu, faida ni ndogo. Programu za biti 64 zinakula RAM zaidi kidogo, kwa hiyo sehemu ya zile MB 790 utakazorudishiwa italiwa hapohapo. Tena Windows 7 iliacha kupewa masahihisho ya usalama Januari 2020, na flashi za wanafunzi zinaingia humo kutwa. Ningekuwa wewe, ile ya mezani ningeiondoa kwenye intaneti, niiachie kazi ya kuchapa tu, na fedha ningeipeleka kwenye diski ya SSD (ile ya kasi, isiyo na sahani inayozunguka) ya ile mpakato, kama haina.

Wakati wa kuhofu upo, ila dalili zake ni tofauti. Muuzaji akisema 8 na namba ya kwanza yenyewe ikasoma 4, kuna kipande hakijaonekana au hakipo. Ikisoma 8 na zinazotumika 3.9, yaani nusu nzima imepotea, shuku kipande kisichokaa vizuri kwenye tundu lake. Zima, toa betri, kichomoe, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa, kirudishe hadi klipu zilie. Watu wa huku hupenda kusingizia hewa ya ziwa. Victoria ni maji baridi, haina chumvi ya kula vyuma kama upepo wa Tanga. Matundu mengi ninayoyafungua yamejaa vumbi.

Kabla ya kufungua mashine, hata hivyo, andika msconfig kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda sehemu ya kuwasha (Boot), kisha chaguo za ziada (Advanced options). Kisanduku cha "Maximum memory" kikiwa na tiki, kiondolee na uwashe upya. Kuna ushauri unaozunguka kwamba kukitia tiki kunaongeza kasi. Kinachofanya ni kuweka kikomo, na ukiandika namba ndogo RAM yako inakatwa kweli.

Kuhusu RAM mbovu, jirani asikupe presha: upungufu wa 5.91 hauthibitishi ubovu, na wala 8.00 haithibitishi uzima. Jioni ukifunga duka, andika mdsched kwenye kisanduku kilekile cha kutafutia (ni kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows), kubali mashine ijiwashe upya, iache kwenye chaja ifanye majaribio. Ikileta kosa lolote, rudia ukiwa umebakiza kipande kimoja kimoja ili ujue kipi kibovu, kisha nenda nacho kwa muuzaji pamoja na risiti na picha ya majibu uliyopiga kwenye kioo.