Tochi ya kujitengenezea inafifia baada ya dakika tatu: tatizo liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejitengenezea tochi kwa kupenda tu mambo haya. LED, yaani taa yenyewe, ni ya aina ya XM-L2 iliyokuja juu ya kisahani cha alumini cha milimita 20, drava, yaani saketi ya kudhibiti mkondo wa LED, ni ya chipu nane za 7135, na betri ni ya lithiamu aina ya 18650, moja niliyoitoa kwenye betri ya laptop iliyokufa. Bodi, yaani mwili wa tochi, nimekerezewa kwa kipande cha alumini. Ikiwashwa inatoa mwanga mkali kweli, lakini baada ya dakika tatu hivi mwanga unafifia na kichwa kinakuwa cha moto. Je, nikiongeza betri ya pili kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, itapata nguvu? Na kwa nini tochi ya rafiki yangu, ndogo kuliko hii, inapiga mbali zaidi? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, kijana. Nianze na hilo la betri mbili, maana ndilo linaloweza kukuunguzia kazi yote jioni moja. Usifanye. Chipu za 7135 zimetengenezwa kupokea volti zisizozidi 6. Betri moja ya 18650 ikijaa ina volti 4.2, kwa hiyo mbili kwa mfuatano ni 8.4. Hata kama zingestahimili, drava ya aina hii haijui kuzitumia volti za ziada. Inazigeuza joto basi. Piga hesabu. Chipu nane, kila moja ampea 0.35, ni ampea 2.8. Kwa mkondo huo LED yako inataka volti 3.3 hivi, yaani wati 9 na kidogo. Ukiingiza volti 8.4 zinabaki 5.1, na 5.1 mara 2.8 ni wati 14 za joto tupu. Drava ingekula umeme mwingi kuliko taa yenyewe.

Kama shida ni muda wa kuwaka, betri ya pili iwekwe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ziwe za aina moja na volti zake zilingane kabla hujaziunganisha. Kama ni lazima ziwe kwa mfuatano, tafuta drava ya kushusha volti, ile yenye koili. Hiyo kweli inajua kubadili volti za ziada kuwa mkondo.

Sasa kufifia. Wengi wakigusa kichwa cha tochi na kukikuta cha moto husema hapohapo kwamba LED imezidiwa. Mimi naishuku betri kwanza, na sababu yangu ni jicho. LED ikipata moto mwanga hupungua, ni kweli, lakini kwa tochi iliyofungwa vizuri upungufu ni kama sehemu moja au mbili kwa kumi, na ukija polepole jicho halitambui kabisa. Wewe umeuona bila kifaa chochote, ndani ya dakika tatu. Kwa hiyo nadhani mkondo wenyewe umeshuka.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Azima betri moja nzuri ya 18650 na uijaze. Washa tochi kwa betri yako mpaka ififie, kisha izime na ubadilishe betri upesi, kichwa kikiwa bado cha moto. Mwanga ukirudi ulivyokuwa, joto halina hatia, betri yako ndiyo imechoka. Usiporudi, shughulikia njia ya joto kama nitakavyoeleza chini.

Betri ya kutolewa kwenye laptop inaweza kusoma volti 4.1 kwenye mita na bado ikawa imechoka. Kinachozeeka ni ukinzani wa ndani, na huo hauonekani mpaka betri ifanye kazi. Tuseme umefika omu 0.15. Kwa ampea 2.8 unapoteza volti 0.42 ndani ya betri yenyewe, na 4.1 inakuwa 3.68. Springi na swichi zikiwa na omu 0.05 zinaondoa 0.14 nyingine, umebaki na 3.54. LED inataka 3.3 na chipu za 7135 zinataka ziada ya volti 0.12 hivi ili zidhibiti mkondo. Umebakiwa na volti 0.12 tu za kuchezea! Dakika tatu za ampea 2.8 ni mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji) 140. Kwa betri iliyobakiwa na uwezo wa mAh 1200 au 1300, hiyo ni zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya chaji. Volti inashuka, drava inashindwa kudhibiti, mkondo unafuata volti kwenda chini.

Ukinunua betri, usisome maandishi yaliyo juu yake tu. 18650 iliyoandikwa mAh 9900 ni uongo mtupu: zilizo nzuri ziko kati ya 3000 na 3500 au juu kidogo. Kwa tochi yako ningechukua ya mAh 3000 inayohimili mkondo mkubwa, kama Samsung 30Q (ampea 15) au LG HG2 (ampea 20), kuliko ya mAh 3500 inayonung'unika ikiombwa mkondo. Pita nayo kwa mwenye mizani ndogo: betri halisi ina gramu 45 au zaidi kidogo. Yenye gramu 30 irudishe dukani.

Hizo za laptop kumbuka hazina ulinzi wake zenyewe. Saketi ya ulinzi ilibaki kwenye boksi ulilolivunja. Uliyoikuta chini ya volti 2 usijaribu kuifufua, ipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki. Tochi izimwe kabla betri haijashuka chini ya volti 3 hivi, na kama drava yako haina kionyo cha betri kuisha, mita iwe ndiyo kionyo chako. Kuchaji ni kwa chaja ya lithiamu inayokoma kwenye 4.2. Kibao cha TP4056, saketi ndogo ya kuchajia betri ya lithiamu, kinatosha na bei yake ni ndogo, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuunga betri moja kwa moja kwenye chaja ya simu, ingawa naletewa kazi za namna hiyo.

Kabla ya kulaumu betri peke yake, pima na njia ya mkondo. Tochi ikiwa inawaka, weka nyaya za mita kwenye ncha mbili za springi, upande wa volti. Ukisoma 0.02 au 0.03, sawa. Ukisoma 0.1 au zaidi, lehemu kipande cha waya laini wa shaba, wa nyuzi nyingi, kutoka chini ya springi hadi juu yake, ili mkondo upite kwenye shaba na chuma kibaki na kazi ya kusukuma. Fanya vipimo hivyohivyo kwenye swichi. Safisha pia sehemu za kufungia kifuniko cha nyuma kwa kitambaa chenye spiriti, maana kwa tochi nyingi mkondo hupita hapo. Kupima kwa kuchomeka mita kwenye ampea siupendi kwa kazi hii: nyaya za mita zenyewe zina ukinzani, zinakupa namba ndogo kuliko ukweli.

Joto nalo. Karibu theluthi mbili ya zile wati 9 hazitoki kama mwanga, zinabaki ndani ya LED na lazima zipate pa kwenda. Kichwa chako kuwa cha moto ni habari njema kwa kiasi fulani, inaonyesha joto linatoka. Tochi ya kuogopa ni ile ya wati 10 inayobaki baridi mkononi baada ya dakika tano. Hapo joto limenaswa, na LED inapikwa pole pole bila mwenyewe kujua.

Unaweza kuboresha pawili. Kwanza, kisahani cha alumini kina tabaka la kuzuia umeme kati ya njia za shaba za umeme na alumini, na tabaka hilo linazuia joto pia. Pedi ya katikati chini ya XM-L2 haina umeme, kwa hiyo kuna visahani vya shaba ambavyo pedi hiyo inakaa moja kwa moja juu ya chuma bila kitu katikati. Badilisha, tofauti utaiona. Pili, angalia kisahani kinakalia nini. Kama fundi alikerezea bomba na kukuwekea ukingo mwembamba pembeni, chini kukiwa wazi, mrudie akutengenezee sakafu kamili ya alumini yenye unene wa milimita 3 au zaidi, iliyobana bodi pande zote. Paka grisi ya joto, ile ya mafundi kompyuta, utando mwembamba tu wa kujaza mikwaruzo, na ubane kwa skrubu. Gundi ya kawaida weka mbali.

Tochi ya rafiki yako inapiga mbali kwa sababu LED yake huenda ni ndogo. Umbali hautokani na wingi wa mwanga. Unatokana na ukali wa uso wa LED na upana wa riflekta, kile kikombe king'aavu kinachokusanya mwanga. XM-L2 ina uso unaotoa mwanga wa kama milimita 2 kwa 2, na riflekta ndogo haiwezi kuukusanya ukawa mwali mwembamba. LED ya milimita 1 kwa 1 yenye lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) chache itaipita kwa umbali. Watengenezaji huhesabu umbali hadi pale mwanga unaoangukia kitu unapobaki luksi 0.25, kama mbalamwezi, na hapo kandela (kipimo cha ukali wa mwali) 10,000 ni mita 200. Kuufanya mita 400 unataka kandela 40,000, mara nne nzima. Mimi kwa kutembea njia za Uluguru usiku ningebaki na mwanga wako uliotawanyika. Wa rafiki yako unaonyesha mti wa ng'ambo na kukuficha shimo la miguuni.

Lakini kabla hujakubali hivyo, mulika ukuta ulio mita 5 mbele. Ukiona duara lenye giza katikati, LED haiko kwenye kitovu cha riflekta. Ongeza au punguza unene wa pete ya plastiki iliyo kati ya LED na riflekta, nusu milimita kwa wakati, mpaka giza lifunge. Pete hiyo usiitoe kabisa: riflekta ya alumini ikigusa lehemu za nyaya ni shoti.